Waliopima Safari ya Seli ya Ngozi

Mwaka 1893 mjini Frankfurt, daktari kijana Ferdinand Blum alikuwa akijaribu kemikali mpya ya kuulia vijidudu, ile ambayo leo inaitwa formalini. Katika kuishika mara kwa mara akabaini kwamba ngozi ya ncha za vidole vyake imekakamaa, jinsi nyama inavyokakamaa ikilowekwa kwenye spiriti. Mtu mwingine angenawa, akapaka mafuta, yakaisha. Blum aliona humo jibu la tatizo lililowasumbua wenzake kwa miaka mingi: namna ya kuizuia tishu iliyokatwa mwilini isioze wala isinyauke kabla haijachunguzwa. Akaijaribu kwenye viungo vya wanyama, ikafaa, akaitangaza. Mpaka leo, kuanzia hospitali ya Muhimbili hadi ya Mulago, kipande kinachokatwa kwa mgonjwa ili kipelekwe maabara ya patholojia hutumbukizwa kwanza katika formalini.

Inapendeza kwamba ngozi ndiyo iliyotoa habari hiyo, kwa sababu ngozi ni tishu isiyotulia. Sehemu yake ya juu, epidermisi, ni nyembamba mno. Mahali pengi mwilini unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, na kwenye wayo unaweza kufika milimita moja na nusu. Ndani ya wembamba huo mna safari isiyokoma. Chini kabisa, juu ya utando unaoitenga epidermisi na ngozi ya ndani, seli hugawanyika. Nyingine hubaki pale pale, nyingine huuachia utando na kuanza kupanda. Zikipanda hubadilika: hujijaza protini ya keratini ya aina nyingine, hukazana na jirani zake kwa vifungo vingi vidogo, huweka akiba ya chembechembe ndani yake, humwaga mafuta yanayozuia maji kupita, kisha hupoteza kiini na kufa. Zikifika juu ni magamba makavu yaliyolaliana. Baada ya wiki nne hadi sita hivi tangu kuanza kupanda, hubanduka. Nongo inayotoka kwa dodoki bafuni ina magamba hayo kwa wingi. Sugu ya kiganja cha mkulima ni magamba hayo hayo yaliyolimbikana kwa kusuguliwa na mpini, na magaga ya kisigino hutokea pale magamba yanapokauka na kupasuka.

Shida ya wachunguzi wa zamani ilikuwa moja. Hakuna aliyeweza kuitazama safari hiyo ikitendeka. Kilichokuwa mezani ni kipande kilichokatwa, kikakaushwa, kikalazwa juu ya kioo. Ni sawa na kupewa picha moja ya shule nzima iliyopigwa asubuhi moja, kuanzia watoto wa darasa la kwanza hadi wa la saba: hakuna mtoto hata mmoja anayeonekana akikua, lakini kukua kwenyewe kumo pichani, kwa anayejua kuzipanga safu. Kwa zaidi ya miaka 350, watu wa hadubini wamekuwa wakijifunza kuzipanga safu za ngozi.

Wa kwanza kuliona tabaka la chini alikuwa Marcello Malpighi, daktari Mwitalia, katika kitabu kidogo alichokichapisha mwaka 1665 kuhusu kiungo cha kugusia. Aliona kwamba chini ya gamba la nje kuna tabaka laini lenye unyevu, na kwamba weusi wa watu weusi umo humo. Gamba la nje na ngozi ya ndani, alisema, ni vyeupe kwa watu wote. Tabaka hilo likaitwa kwa jina lake hata katika vitabu vya karne ya 20. Katika kizazi hicho hicho, Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa Delft aliyejitengenezea lenzi mwenyewe, aliyatazama magamba ya ngozi yake na kuona kwamba ni vipande vipande vinavyolaliana.

Baada ya mwanzo huo mwema, uchunguzi ulipinda njia. Mwaka 1737 mjini Leiden, Bernhard Siegfried Albinus alichapisha andiko juu ya chanzo cha rangi ya Waafrika, na mchoraji Jan Ladmiral akaliwekea picha ya rangi ya ngozi ya mwanamke Mwafrika. Ni miongoni mwa picha za kwanza za tishu kuchapishwa kwa rangi, na kiufundi ni kazi safi. Inauma kuitazama. Enzi ile meli za Waholanzi zilikuwa zikisafirisha watumwa kuvuka Atlantiki, na mwili wa Mwafrika ulifika meza ya mwanatomia bila mwenyewe kuulizwa. Hata kwa upande wa sayansi peke yake kulikuwa na hasara, kwani kwa muda mrefu swali lililowashughulisha wasomi wa Ulaya lilikuwa rangi inatoka wapi, huku swali la ngozi inaishije likingoja.

Lilingoja mpaka miaka ya 1830. Wakati huo hadubini zilikuwa zimeboreshwa kiasi cha kuonyesha seli moja moja, na Theodor Schwann alikuwa karibu kutangaza, mwaka 1839, kwamba wanyama wote wamejengwa kwa seli. Mwenzake wa Berlin, Jakob Henle, alizitazama seli za epidermisi na kuona kwamba huongezeka ukubwa na kuwa bapa kadiri zinavyokwenda juu. Sentensi hiyo ni fupi, lakini ndiyo iliyoibadilisha picha iliyotulia kuwa habari ya mwendo. Henle hakuona seli hata moja ikipanda. Aliona safu, akaelewa kwamba safu ni umri.

Kilichofuata kiliwezeshwa na watu wa viwandani zaidi kuliko madaktari. Seli hazina rangi. Bila kutiwa rangi kipande cha ngozi ni ukungu mtupu. Kutoka Campeche, pwani ya Mexico, Ulaya ilikuwa ikileta magogo ya mti ambao rangi yake ilitumika kutia nguo weusi na zambarau. Mwaka 1865 mtafiti Böhmer alichanganya rangi ya mti huo, hematoksilini, na shabu, na viini vya seli vikashika rangi ya buluu iliyoiva. Katika miaka ya 1870 viwanda vya rangi vya Ujerumani vikatoa eosini, rangi ya waridi, na mwaka 1876 mtafiti Wissozky akaziunganisha rangi hizo mbili: viini vya buluu, mwili wa seli wa waridi. Mchanganyiko huo haujaondolewa mezani. Slaidi nyingi zinazosomwa leo duniani ni za buluu na waridi, na sehemu ya buluu bado asili yake ni mti ule ule.

Kwa rangi, ngozi ikaanza kusema. Mwaka 1868 mwanafunzi wa udaktari wa Berlin, Paul Langerhans, aliyekuwa hajatimiza miaka 22, alitia kipande cha ngozi kloridi ya dhahabu na kuona seli zenye mikono mirefu zimetawanyika katikati ya epidermisi. Alidhani ni za mishipa ya fahamu. Ilipita zaidi ya karne moja ndipo ikajulikana kwamba ni walinzi wa mwili dhidi ya maradhi. Katika miaka hiyo hiyo Giulio Bizzozero, Mwitalia, alichunguza vijiti vidogo vinavyoonekana kati ya seli na seli. Wengine walidhani ni madaraja yenye uwazi ndani. Yeye alishikilia kwamba ni mahali seli mbili zinapokutana, kila moja ikibaki na ukuta wake. Hadubini za elektroni za miaka ya 1950 zilimpa haki, wakati yeye amekwisha kufa tangu 1901.

Aliyezikusanya habari hizi zote ni Paul Gerson Unna wa Hamburg. Unna alikuwa na zahanati ya wagonjwa wa ngozi, maabara ya kutia rangi na hamu isiyoshiba. Alieleza tabaka la chembechembe, lile ambamo seli zinajiandaa kufa, na mwaka 1894 akatoa kitabu kinene cha patholojia ya magonjwa ya ngozi ambacho kizazi kizima cha madaktari kilikitegemea. Wengi wanaopaka Nivea asubuhi hawajui kwamba wanamdai shukrani: Unna ndiye aliyemwelekeza mwenye kampuni ya Beiersdorf, Oscar Troplowitz, kwenye kichanganyishi cha mafuta na maji kilichobuniwa na mkemia Isaac Lifschütz, na krimu hiyo ikaingia sokoni mwaka 1911.

Lakini ukimsoma Unna na wenzake utaona upungufu mmoja unaojirudia. Tabaka ni «nene» au «jembamba». Viini ni «vingi» au «vichache». Unene kiasi gani, wingi wa namna gani, hakuna anayesema. Daktari mwenye jicho zuri alimwamini daktari mwingine mwenye jicho zuri, na walipotofautiana, mkubwa ndiye aliyeshinda.

Albert Broders wa Mayo Clinic, Minnesota, alijaribu kuuvunja mtindo huo mwaka 1920. Alikuwa na wagonjwa 537 wa saratani ya mdomo, ile inayotokana na seli za epidermisi. Kila saratani ina seli zinazojitahidi kukomaa kama kawaida na nyingine zilizoacha kabisa kukomaa, zikabaki kugawanyika tu. Broders alikadiria sehemu ya kila aina. Robo tatu au zaidi zikiwa zimekomaa, daraja la kwanza. Nusu hadi robo tatu, la pili. Robo hadi nusu, la tatu. Chini ya robo, la nne. Akalinganisha madaraja hayo na waliopona na waliofariki, ikaonekana kwamba wa daraja la juu walikuwa katika hatari zaidi. Kukomaa kwa seli, jambo lililokuwa la vitabu vya anatomia, likawa suala la uhai wa mtu. Hata hivyo makadirio yalikuwa ya jicho. Madaktari wawili wakiisoma slaidi moja, mmoja angeweza kusema daraja la pili na mwingine la tatu, na mgonjwa hana habari.

Vyombo vya kupimia vilitoka mahali ambapo hakuna daktari angekwenda kuvitafuta. Vilitoka kwenye mawe na chuma.

Mwaka 1847 huko Ufaransa, mwanajiolojia Achille Delesse alitaka kujua jiwe lina kiasi gani cha kila madini. Alilikata jiwe, akalisugua likawa laini, akafuatisha mipaka ya kila madini kwenye karatasi, akaihamisha michoro kwenye karatasi ya bati, akakata kwa mkasi na kupima vipande kwa mizani. Alionyesha kwamba sehemu ya eneo ambayo madini imeshika kwenye uso uliokatwa ni sawa na sehemu ya ujazo iliyoshika ndani ya jiwe zima, mradi mahali pa kukata hapakuchaguliwa kwa upendeleo. Kanuni hiyo ni msingi wa kila hesabu inayofanywa leo juu ya tishu. Kipande kimoja chembamba kinaweza kusema habari za kitu kizima, bora kiwe kimekatwa kwa haki. Wanabayolojia walichukua karibu miaka 100 kuipokea, na mwaka 1961 wakakutana na wanajiolojia na wanahisabati huko Feldberg, Msitu Mweusi wa Ujerumani, wakaanzisha jumuiya ya kimataifa ya kupima vitu vya pande tatu kupitia vipande bapa.

Chuma nacho kikaleta mashine. Watengenezaji wa chuma cha pua walitaka kuhesabu uchafu uliobaki ndani ya chuma, na kampuni ya Metals Research, jirani na Cambridge, ikatoa Quantimet mwaka 1963: kamera ya televisheni iliyofungwa kwenye hadubini, ikipita mstari kwa mstari na kuhesabu madoa meusi. Baada ya muda mfupi maabara za tiba zilikuwa zikiinunua. Mwaka uliofuata, Ufaransa, Georges Matheron na mwanafunzi wake Jean Serra walikuwa wakichunguza mawe ya chuma ya Lorraine. Wakabuni hisabati ya maumbo: kulimomonyoa umbo kwa hatua ndogo mpaka viungo vyembamba vikatike, kisha kulinenepesha tena lirudi karibu na ukubwa wake. Kwa njia hiyo punje mbili zilizogusana huhesabika kuwa mbili. Mtu yeyote anayetenganisha viini vya seli vilivyobanana kwenye skrini leo anatumia uzao wa hisabati hiyo, ajue asijue.

Upande wa biolojia haukulala. Mjini Stockholm, mwaka 1936, Torbjörn Caspersson alieleza namna ya kupitisha mwanga wa urujuanimno ndani ya seli na kupima kiasi kinachonyonywa, akapata kiasi cha asidi nukleiki bila kuibomoa seli. Hapo doa liliacha kuwa doa tu; likawa kiasi. Huko Marekani, Russell Kirsch aliingiza picha ya kwanza katika kompyuta mwaka 1957, pikseli 176 kwa 176, na tangu mwanzo alikuwa na wazo la kuisaidia mashine itazame. Mashine ya kwanza ya kusoma seli za mlango wa kizazi, iliyojaribiwa miaka ya 1950, ilishindwa kwa sababu iliona saratani pasipo na saratani mara nyingi mno. Ilipofika 1966, Judith Prewitt na Mortimer Mendelsohn wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walifaulu kuifanya kompyuta itofautishe aina za seli nyeupe za damu kwa kupima ukubwa wa kiini na kina cha weusi wake.

Damu ilitangulia, na sababu yake ni rahisi kuielewa. Seli za damu zikisambazwa kwenye kioo hukaa mbalimbali, kila moja na nafasi yake. Seli za ngozi zimebanana ukuta kwa ukuta, zinalaliana, zinabadilika umbo kutoka ndefu wima chini hadi bapa juu. Mashine iliyofundishwa kutambua umbo moja hupotea njia kabla ya kufika katikati ya epidermisi.

Wakati kompyuta zikijifunza, watu wa ngozi walikuwa na mapinduzi yao. Mwaka 1975 huko Massachusetts, James Rheinwald na Howard Green walifanikiwa kuotesha seli za epidermisi ya binadamu kwenye sahani, kizazi baada ya kizazi, kwa kuziweka juu ya seli za panya zilizozuiwa kugawanyika. Kabla ya hapo seli hizo zilikuwa zikikomaa na kufa mapema. Mwaka 1983 watoto wawili wa Wyoming, waliounguzwa zaidi ya asilimia 90 ya ngozi yao, walipandikizwa mjini Boston tabaka za ngozi zilizooteshwa kwa njia hiyo kutoka kwenye vipande vidogo vya ngozi yao wenyewe, na wakaishi. Ni vigumu kuitaja kazi ya Green bila kusimama hapo kidogo. Kabla yake, mtu aliyeungua kiasi hicho alikuwa hana pa kushika.

Seli zikiwa kwenye sahani, maswali yakawa makali zaidi. Elaine Fuchs, akiwa na Green, alionyesha mwaka 1980 kwamba seli inapopanda hubadilisha keratini inazotengeneza. Leo inafahamika kwamba seli za chini zina keratini 5 na 14, na zikiachia utando huanza keratini 1 na 10. Juu zaidi huja involukrini, lorikrini na filagrini. Mwaka huo huo wa 1980, watafiti wa Bethesda wakiongozwa na Henry Hennings na Stuart Yuspa walitangaza kwamba kalsiamu ndiyo inayotoa amri: ikiwa kidogo mno, seli za panya huendelea kugawanyika, ikiongezwa, huanza kukomaa. Kila hatua ya safari ikawa na alama yake. Unatengeneza kingamwili inayonasa keratini 10, unaibebesha rangi, na kwenye slaidi unaona hasa mahali seli zilipoanza kupanda.

Alama zilikuwa nyingi na macho yalikuwa yale yale. Ripoti za miaka ya 1990 zimejaa alama za kujumlisha: moja kwa rangi hafifu, tatu kwa rangi kali. Vipande viwili vyenye unene tofauti vililinganishwaje? Tabaka la mgongo la mtu mmoja ni jembamba, la wayo wa mwingine ni nene mara kumi. Ukisema keratini fulani inaanza mikromita 30 kutoka chini, umesema nini?

Jibu lililotolewa Heidelberg mwaka 2008 na kikundi cha Niels Grabe linavutia kwa unyofu wake. Kompyuta iachwe kwanza itambue mpaka wa chini wa epidermisi na mpaka wa juu. Kisha itafute kila kiini kwa rangi yake, na kwa kila kiini ipime umbali wake kutoka chini, ikiugawa kwa unene wote wa mahali hapo. Kila seli hupata namba kati ya 0 na 1: sufuri ipo kwenye utando, moja ipo kileleni. Halafu ipimwe rangi ya alama kuzunguka kiini hicho. Matokeo ni mchirizi kwenye karatasi unaoonyesha protini inapanda wapi na kushuka wapi katika safari, na mchirizi wa mgongo unaweza kuwekwa juu ya mchirizi wa wayo. Umri ambao Henle aliuona kwa jicho ukapata kipimo.

Kazi ya namna hiyo inategemea ngazi nyingi zilizojengwa na wengine. Mjapani Nobuyuki Otsu alionyesha mwaka 1979 jinsi mashine itakavyochagua yenyewe kiwango cha kutenga kilicho cheusi na kilicho cheupe. Arnout Ruifrok na Dennis Johnston walitoa mwaka 2001 hesabu ya kuzitenganisha rangi zilizochanganyika kwenye slaidi moja, kila rangi ikirudishwa kwenye picha yake. Wayne Rasband, mtumishi wa taasisi ya afya ya serikali ya Marekani, alitoa ImageJ bure mwaka 1997, programu inayofanya kazi hata kwenye kompyuta ndogo ya mwanafunzi. Kwa maabara zisizo na fedha, na hizo ndizo nyingi duniani, ukarimu huo wa Rasband una uzito kuliko uvumbuzi mwingi uliopewa tuzo.

Vipimo vikavunja pia imani za zamani. Karibu na mwaka 1970, Ian Mackenzie alionyesha kwamba magamba ya ngozi ya panya yamepangika kwenye nguzo nadhifu, na Christopher Potten akapendekeza mwaka 1974 kwamba chini ya kila nguzo kuna seli mama moja inayozaa nguzo yote. Picha ilikuwa nzuri kiasi kwamba iliaminiwa kwa miaka 30. Mwaka 2007 watafiti wa Cambridge waliweka alama kwenye seli chache za mkia wa panya, wakahesabu wazao wao kwa mwaka mzima, na hesabu ikakataa kukubaliana na nguzo: koo nyingine zilikufa, nyingine zilitanuka bila kukoma. Seli za chini zilikuwa zikiamua kwa bahati, kila moja, ibaki au ipande. Mwaka 2016 watafiti wa Japani na Uingereza walieleza kwamba seli za tabaka la chembechembe zina umbo lenye nyuso 14, karibu na lile alilolipendekeza Lord Kelvin mwaka 1887 alipotafuta namna ya kujaza nafasi kwa povu. Umbo hilo huiwezesha seli moja kung'oka na nyingine kuingia bila ngozi kuvuja.

Hapa ndipo Afrika Mashariki inapoingia, tena kwa swali ambalo halikusumbua sana maabara za Heidelberg wala Boston. Rangi inayotumika zaidi kuonyesha alama za kingamwili kwenye slaidi ni kahawia. Melanini nayo ni kahawia. Kwa mtu mweupe melanini ni kidogo na huvunjwa mapema. Kwa mtu mweusi imejaa katika seli za chini, imefunika viini kama kinga ya jua, na masalia yake hufika mpaka tabaka za juu. Programu iliyoambiwa ihesabu kahawia kwenye tabaka la chini itahesabu melanini na kuiita keratini 14, au kuiita dalili kwamba seli zinagawanyika kwa kasi. Zipo njia za kuepuka hilo: kutumia rangi nyekundu badala ya kahawia, au kuichujua melanini kwanza kwa kemikali. Lakini kila njia hubadilisha kidogo kinachopimwa, na kipimo cha kawaida kilichotolewa kwenye ngozi ya Ulaya hakiwezi kuchukuliwa hivi hivi.

Moshi panajulikana kwa tiba ya ngozi kuliko pengi katika ukanda huu. Kituo cha kufundishia magonjwa ya ngozi kilifunguliwa huko mwaka 1992, kando ya hospitali ya KCMC, na madaktari na maofisa tabibu kutoka nchi nyingi za Afrika wamepita hapo. Hapo pia hutengenezwa mafuta ya kujikinga na jua kwa watu wenye ualbino. Hatari yao ilikwisha kuelezwa Dar es Salaam mwaka 1985, Jeff Luande wa hospitali ya Ocean Road na wenzake walipochapisha uchunguzi wao: jua huanza kuiharibu ngozi hiyo utotoni, na saratani huwapata watu wakiwa bado vijana. Saratani inayowapata zaidi ni ile ile aliyoipanga Broders kwa madaraja, ya seli za epidermisi zilizoacha kukomaa, na ripoti ya mgonjwa wa Moshi bado husema imekomaa vizuri, kiasi, au vibaya, maneno yanayotoka moja kwa moja kwenye mizani yake ya 1920.

Kwa hiyo maabara moja ya Tanzania inaweza kupokea asubuhi moja kipande kutoka sikio la kijana mwenye ualbino, chenye melanini kidogo mno au kisicho nayo kabisa, na kipande kutoka mguu wa jirani yake, ambacho melanini yake imejaa tabaka la chini zima. Programu inayopima kwa haki kipande cha kwanza inaweza kukosea kabisa cha pili. Mifumo mipya inayojifunza yenyewe, iliyoenea tangu miaka ya 2010, hufundishwa kwa maelfu ya picha, na katika makusanyo makubwa ya picha za ngozi yaliyo wazi, ngozi nyeusi imekuwa chache sana. Slaidi zilizohifadhiwa kwenye kabati za Moshi, Dar es Salaam, Nairobi na Kampala zinaweza kuziba pengo hilo, kwa sababu zina ngozi za pande zote mbili pamoja na majina ya magonjwa yaliyothibitishwa na madaktari wa hapa hapa. Kinachotakiwa ni mashine za kuzigeuza picha, ridhaa ya wagonjwa, na watu waliosomea kuandika kwenye kila picha seli ya chini inaishia wapi na ya kupanda inaanzia wapi.